Kila Nikiulizwa Maumivu Nasema Sifuri, Maana Shilinde Anasikia

Shangazi Joha, shikamoo. Uso wako nauona gazetini tu na picha yenyewe ni ndogo, siwezi kujua mkubwa ni nani kati yetu, mimi nina miaka hamsini na sita, kama wewe ni mdogo basi nirudishie shikamoo yangu nitaipokea kwa mikono miwili, ila nisome kwanza mpaka mwisho maana nina jambo limenikaa kooni na sina wa kumwambia, nikimwambia kaka yangu Bonifas atacheka mpaka majirani waje kuuliza kuna nini, na nikienda kwa padri sijui nianze na dhambi ipi, ya uongo au ya kupenda nikiwa na wajukuu.

Niite Verdiana. Naishi Ulaya, si ile ya Wazungu, Ulaya yetu ya Kilosa, babu yangu alikuja huku kukata mkonge akaoa hapa hapa, baba akafanya kazi ya reli, na mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. Figo zangu ziliharibiwa na presha, nikagundulika nimeshachelewa, na sasa huu ni mwaka wa pili kila Jumanne na Ijumaa napanda Noah asubuhi kwenda Mikumi kusafishwa damu kwa mashine masaa manne, halafu narudi. Usinionee huruma Shangazi, hilo silo nililokuandikia. Kule kwenye mashine tuko vitanda sita na tunacheka kuliko watu wa harusini, muuguzi wetu huja kutuomba tupunguze sauti ili angalau azisikie mashine zikilia.

Kitanda cha tatu ni changu, na cha nne, karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono usio na sindano nagusa shuka lake, ni cha Shilinde. Ana miaka sitini na moja, mkewe alifariki miaka sita iliyopita, ni Msukuma, watu wa ukoo wao walihama na ng'ombe kutoka Shinyanga wakatulia upande wa Rudewa, lakini tangu figo zimgomee anaishi Mikumi kwa binti yake Winnie mwenye saluni, Rudewa anakwenda mara moja kwa mwezi kuwasalimia ndugu na ng'ombe wake. Siku ya kwanza alipolazwa jirani yangu nilimwamkia shikamoo kama inavyotakiwa kwa aliyenizidi, akaikataa Shangazi, akaniambia, "Mama, hiyo shikamoo itunze utaiuza gulioni, mimi niulize tu nimeamkaje." Nikamuuliza umeamkaje. Akasema, "Nilikuwa nimeamka vibaya, sasa nimeamka vizuri." Wewe ni mtu mzima, unajua mwanamume anapokataa shikamoo anatafuta nini. Siku hiyo masaa manne yaliisha sijui yamekwenda wapi.

Sasa mwezi wa kwanza wakaja watu wa utafiti. Daktari alitueleza vizuri kabisa, tukasomewa fomu kwa sauti, tukauliza maswali mpaka tukachoka wenyewe, kwamba wanataka kujua mtu akisafishwa polepole kwa masaa matano, badala ya haya manne tuliyozoea, je misuli itapunguza kukaza na uchovu utawahi kuondoka. Kila aliyekubali kompyuta ilimpigia kura. Mimi, Shilinde na mzee Kasiani wa kitanda cha kwanza kura ikatuangukia masaa manne, wengine wakapata matano, na sote tukaweka saini kwamba tutajibu maswali kila wiki kwa miezi minane. Anayeuliza ni binti mmoja anaitwa Yusrah, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, mpole, ana adabu zake zote, anakuja na tableti anasimama kati ya kitanda cha tatu na cha nne.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Maana Yusrah hawezi kumrukia mtu mzima na maswali, anaanza, "Shikamoo mama, habari za tangu Ijumaa?" Nasema marahaba mwanangu, nzuri. "Za nyumbani?" Nzuri. "Za kushona?" Nzuri. Kisha hapo hapo bila kupumua, "Mama, kuanzia sifuri mpaka kumi, sifuri ni hakuna kabisa na kumi ni maumivu yasiyovumilika, mara ya mwisho misuli ilikukaza kiasi gani?" Sasa Shangazi, nimeshasema nzuri mara tatu, nigeuke niseme nane? Kwetu hata nyumba ikiwa inaungua ukimuuliza mtu habari atasema nzuri kwanza, ndipo aseme ila tunaomba maji. Na Shilinde yupo pale, ametega sikio. Nikasema, "Sifuri, mwanangu."

Kitanda cha nne kikakohoa. "Na mimi niandikie sifuri," Shilinde akasema. "Tena kama kuna namba iko chini ya sifuri, niandikie hiyo."

Basi ikawa ndiyo mtindo wetu. Kuna swali la pili, kwamba ukishatoka kwenye mashine inakuchukua muda gani kurudi katika hali yako, mimi nikasema nikifika tu nyumbani nasonga ugali, yeye akasema akitoka hapa anapitia zizini kuhesabu ng'ombe ndipo anakaa kula. Wiki iliyofuata mimi nikasema nasonga ugali na kupiga deki, yeye akasema anahesabu ng'ombe na kukata kuni. Yusrah anaandika huku anatabasamu, na mimi nasikia raha Shangazi, nasikia raha kama msichana aliyesifiwa nywele.

Ukweli sasa. Tukiingia saa ya tatu ya kusafishwa vigimbi vyangu vinajikunja mpaka nauma pindo la khanga nisipige kelele, nimejifunika blanketi hadi kidevuni watu wajue nasikia baridi tu. Siku moja presha ilishuka nikaona giza, muuguzi aliponiuliza nikasema nilisinzia. Nikifika nyumbani najibwaga mkekani na viatu vyangu, siamki mpaka kesho yake mchana, na ugali unasongwa na jirani. Hiyo ni nane Shangazi, siku nyingine ni tisa.

Yeye ndiye mzima wa kweli, kwa sababu saa hiyo hiyo ya tatu ambayo mimi nakufa kwa misuli, Shilinde anaanza kuimba nyimbo za kwao za kulima, kwa sauti nzito, ameshika chuma cha kitanda kama ameshika jembe, chumba kizima tunamwitikia. Mtu mwenye maumivu ataimba vile? Na akimaliza hutoka taratibu sana amemwegemea Winnie begani, mimi namtazama nasema moyoni, angalia baba anavyompenda binti yake.

Mwezi uliopita Winnie alinifuata mpaka kwenye kituo cha Noah, akanipa shikamoo kwa kupiga goti, akasema, "Mama, baba anasema watu wake wangependa kufika kwenu Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, watu wakishavuna. Ameniagiza niulize wamwone nani." Nilitamani kuruka pale pale ila miguu ndiyo hiyo. Nikamwambia nitamjibu. Bonifas analima kule Zombo, mahindi yake yaliwahi kuliwa na ng'ombe wa wafugaji na kesi ikafika kwa mtendaji, nilidhani atanuna, lakini nilipomdokeza tu jina akasema huyo aje, mwenye figo mbovu hana mbio za kumkimbiza ng'ombe kwenye shamba la mtu.

Lakini nitaolewaje Shangazi? Shilinde anadhani anaoa mwanamke anayetoka kwenye mashine na kupiga deki. Atagundua wiki ya kwanza tu kwamba ameoa mtu wa kulala mkekani, na yeye mwenye nguvu zake atakuwa muuguzi wangu, nitakuwa mzigo kwa mtu aliyetaka mwenza. Nimeshaanza kuandika kichwani maneno ya kumkataa kwa heshima.

Na limekuja kubwa zaidi. Mzee Kasiani alikuwa anajibu kweli, kila wiki anasema tisa, wiki nyingine tisa tena, tukawa tunamtania kwamba analalamika kama redio. Siku moja akaniuliza kwa upole, "Dada, wewe unafanyaje?" Nikamjibu kwa mzaha, "Roho safi tu, mzee wangu." Wiki iliyofuata Kasiani akasema mbili. Iliyofuata akasema sifuri, akageuza uso ukutani. Sasa sisi wote watatu wa masaa manne tumepona, na wa masaa matano ambao wanasema ukweli wao, tatu au nne, ndio wanaoonekana wagonjwa. Juzi Yusrah akasema mwenyewe, "Inashangaza, wa masaa manne mnajisikia vizuri kuliko wa masaa matano." Mimi sikusoma sana lakini hilo nalielewa, watasema yale masaa matano hayana faida, na kumbe Kasiani ndiyo yangemsaidia.

Mtoto ananipa shikamoo, mimi nampa uongo. Nikisema ukweli leo si watanifukuza kwenye utafiti, na labda kwenye mashine? Nihame siku niende zamu ya Jumatatu nisimwone tena Shilinde? Niendelee na sifuri mpaka miezi minane iishe? Au nimkatae tu mwenzangu aende kwa mzima mwenzake? Nisaidie Shangazi, gombeza ukitaka, ila nijibu kabla ya mwezi wa nane.

Verdiana, fundi cherehani

SHANGAZI JOHA ANAJIBU

Marahaba, Verdiana. Nina sitini na mbili, kwa hiyo shikamoo yako imefika kwa mwenyewe. Majina yote nimeyabadilisha na namba za vitanda nimezihamisha, kwa hiyo pumua. Barua yako nimeisoma nikacheka, nikampigia mwenzangu wa meza ya michezo nikamsomea, tukacheka wote. Sasa nimemaliza kucheka, kaa nikuseme.

Nakuelewa ulivyoanza. Sote tumelelewa hivyo, mtu anakufa na kiu anasema nzuri. Lakini mama wewe, salamu ni adabu na ile namba ni kipimo. Kabla hawajakuunganisha kwenye mashine si wanakupandisha kwenye mzani? Huwa unauomba mzani usiseme kilo zako kwa sababu Shilinde anatazama? Basi Yusrah naye kashika mzani wake mkononi, na wewe kila wiki unauwekea kidole. Ile karatasi uliyoweka saini haikusema kwamba utajisikia vizuri. Ilisema utajibu.

Kabla ya kuandika hapa nilimpigia muuguzi mmoja ninayemfahamu, amefanya kazi ya mashine hizo miaka mingi, nikamuuliza bila kukutaja. Akaniambia jambo ambalo ningependa ulisome mara mbili. Misuli ya kiwango cha nane kila wiki na presha ya kuona giza si mambo ya kuuma khanga tu. Pengine wanakuvuta maji mengi kwa haraka, pengine uzito wanaoulenga wakikutoa maji sio wako tena, pengine ni chumvi ya nyumbani, hayo ni ya daktari wako kutazama, na yapo mengi ya kurekebisha hata ndani ya masaa yako manne. Ila hakuna anayerekebisha sifuri. Umelala kwenye kitanda cha hospitali, umezungukwa na watu waliosomea maumivu yako, na wewe umeyafunika blanketi. Verdiana, hii khanga uliyoiuma miezi yote hii ina kosa gani?

Ya kufukuzwa yafute kichwani. Fomu ile ile mliyosomewa kwa sauti, iombe usomewe tena, nina hakika imo kwamba unaweza hata kutoka kwenye utafiti siku yoyote na kusafishwa damu kwako kusiguswe. Sembuse kusema ukweli! Wanaofanya utafiti hawatafuti watu waliopona, wanatafuta majibu, na majibu mabaya wanayahitaji sawasawa na mazuri. Hata majibu ya nyuma usiogope. Hawayafuti, wanaandika masahihisho pembeni, na tarehe, na sababu, na wataalamu wao wanajua la kufanya nayo. Sababu yako itakuwa ya kwanza ya aina yake, hilo nakubali. Waandike tu, mshiriki alikuwa akichumbiwa.

Kwa hiyo Ijumaa hii fika mapema kidogo, mtafute Yusrah kabla hujalala kitandani, kaeni pembeni mahali ambapo hakuna sikio la Kisukuma, mwambie. Usizunguke. Sema, "Mwanangu, majibu yangu si ya kweli, nisaidie tuyasahihishe, na kuanzia leo niulize hapa faraghani." Hatakucheka usoni. Akicheka nyumbani kwao ni haki yake.

Na wewe binti wa tableti, kama gazeti hili linakufikia, nisikilize na wewe. Adabu yako imenifurahisha, wazazi wako walifanya kazi. Lakini ukishamuuliza mtu mzima wa kwetu za nyumbani na za kushona akakujibu nzuri, umeshamfungia mlango wa kusema nane. Msalimie, kaa chini, piga naye soga kidogo, kisha mwambie wazi kwamba salamu zimekwisha na sasa unauliza ya hospitali. Na mtoe kwenye masikio ya jirani. Mwambie na bosi wako hivyo, huenda kuna sifuri nyingine za uchumba huko mnakozunguka.

Sasa Kasiani. Hapa sicheki hata kidogo. Yule mzee alikuwa na ujasiri kuliko ninyi wote wawili, akawa anasema tisa mbele ya watu, na ninyi mkamtania mpaka akaona aibu ya mwili wake mwenyewe. Alikuuliza unafanyaje kwa sababu alikuwa anaumia na alitaka dawa, na wewe ukampa mzaha. Huyo usimsubirishe. Siku hiyo hiyo ya Ijumaa nenda kitanda cha kwanza, mwamkie, umwambie, "Mzee wangu, mimi ni nane, nilikuwa nadanganya, wewe ndiye uliyekuwa sawa." Maneno hayo tu. Mwache ageuze uso kutoka ukutani kwa wakati wake.

Tuje kwa mchumba, maana najua umeruka mistari yote hiyo kukimbilia hapa.

Verdiana, mapenzi yamekufanya kipofu na nakupongeza, katika umri wetu upofu huo haupatikani ovyo. Umeniandikia mwenyewe kwa mkono wako kwamba mwanamume huyu anaishi Mikumi kwa binti yake na ng'ombe wake wapo Rudewa, anawaona mara moja kwa mwezi. Halafu umemsikia kila wiki akisema akitoka kwenye mashine anapitia zizini. Zizi lipi hilo, mama? La saluni ya Winnie? Unaniambia ikifika saa ya tatu, saa ile ile inayokukunja wewe, yeye anashika chuma cha kitanda na kupaza sauti. Mimi sijawahi kulala kwenye mashine hiyo, lakini nimezaa watoto wanne, na mtu anayeshika chuma na kuimba namjua. Na kule kutoka polepole ameegemea bega, ukaona ni mapenzi ya binti! Mpenzi huyo anashindwa kutembea.

Sikuambii nina uhakika. Nakuambia nina macho. Kwa jinsi ninavyowaona kutoka huku, mmelala vitanda viwili, mnaumwa ugonjwa mmoja, saa moja, mguu ule ule, na kila mmoja ameuma nguo yake ili mwenzake amwone mzima. Ungekuwa mchezo wa redio ningesema mtunzi amezidisha. Na sasa unataka kumkataa kwa sababu ana afya nyingi mno!

Usimuumbue mbele ya watu. Namba yake ni yake, ataisema mwenyewe kwa Yusrah na kwa daktari, ukiisema wewe utakuwa umemvua nguo chumbani kwa wagonjwa sita. Wewe sema yako. Jumanne mkishawekwa kwenye mashine, kabla ya saa ya tatu haijafika, mgeukie umwambie polepole, "Shilinde, mimi nikitoka hapa sisongi ugali. Nalala mkekani na viatu mpaka kesho yake." Kisha nyamaza. Usijaze ukimya ule kwa mzaha, najua utatamani. Ngoja tu, umtazame.

Akikuambia kwamba yeye kweli ana sifuri na anataka mke wa kupiga deki, muage kwa heshima, utakuwa umepoteza mwimbaji na umebaki na akili yako. Lakini akicheka, au macho yakimlowa, au akiuliza "na viatu?", basi tuma jibu kwa Winnie siku hiyo hiyo kwamba watu wao wamwone Bonifas.

Na neno hili la mzigo nisilione tena kwenye barua yako. Nani alikuambia ndoa ni ya wazima? Nimefungua barua za wazima miaka kumi na minne kwenye meza hii, wana figo zote mbili na hawawezi kukaa sebule moja. Wewe unampata mtu anayejua bila kuelezwa kwa nini mboga haina chumvi, kwa nini maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe kidogo, kwa nini Jumanne jioni husemi na mtu. Hutamfundisha chochote. Wangapi wameolewa wakiwa wanajulikana kiasi hicho?

Lakini usiingie ukiwa umefumba macho, na hapa nasema kama dada yako. Ugonjwa wenu haucheki kama mnavyocheka ninyi. Kuna siku mmoja wenu atalala na mwingine hataweza kumwinua, na kuna siku, Mungu aisogeze mbali, kitanda kimoja kati ya viwili kitakuwa na mtu mwingine. Yasemeni hayo kabla ya washenga kunywa uji wenu. Mkae na Winnie, mkae na Bonifas, mpange mtaishi Ulaya au Mikumi, na mimi ningechagua Mikumi, karibu na mashine, cherehani inabebeka. Jumanne na Ijumaa asipike yeyote kati yenu, hilo lipangwe na ndugu tangu mwanzo na lisiwe la kuombwa. Mkimaliza kuyasema, mkayaona yote yalivyo, na bado mnatakana, hapo mtakuwa mmeoana kweli kuliko vijana wengi ninaowajua.

Ya padri pia umeniuliza kwa mlango wa nyuma. Uongo kaungame. Kupenda usikutaje kabisa, si dhambi, utamchosha tu.

Basi ndiyo hayo, Verdiana. Ijumaa Yusrah, Ijumaa hiyo hiyo Kasiani, Jumanne Shilinde, na daktari aijue miguu yako kabla ya wote. Usibadilishe zamu. Usiandike kichwani maneno ya kumkataa mtu ambaye hujamsikia. Na siku ya harusi ikipangwa, gazeti hili lina anwani, nami nina gauni la kitenge ambalo halijapata pa kwenda tangu mwaka juzi. Nitakaa meza ya mbele kabisa, nitawashangilia mpaka sauti inikauke, na soda zenu, ya bwana na ya bibi, nitazinywa mimi zote mbili.